Laptopu ifungwe, kazi iendelee: kuhamisha mchakato kutoka terminali moja hadi nyingine

Kanda ya VHS ya harusi, saa tatu na nusu za beni, kidumbaki na akina mama waliovaa kanga sare. Mwenyewe anaitaka kwenye fleshi kabla ya Ijumaa kwa sababu mdogo wake anarudi Muscat. Kanda nimeshaiingiza kwenye kompyuta ya dukani, Mlandege, hapa Unguja. Mimi niko nyumbani Jang'ombe, nimeingia kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa kuiandikia amri, na kuandika:

```
ffmpeg -i kanda07.avi -vf yadif -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac kanda07.mp4
```

Ffmpeg ni programu ya kugeuza video. Namba za fremu zinapanda. Kompyuta ile imeshakula chumvi, kwa hiyo kazi itachukua saa sita hivi. Dakika arubaini zimepita ndiyo nakumbuka kuwa sikuanza ndani ya tmux, programu inayoshikilia terminali yako hata ukiondoka, na chaji ya laptopu imebaki asilimia 11.

Miongozo mingi huanza na "kwanza fungua tmux". Ni kweli, lakini ni sawa na kumwambia aliyekwisha lowa kwamba asubuhi kulikuwa na wingu. Huu unaanzia kwa aliyelowa. Tmux tutaifikia njiani.

Yote niliyoandika ni ya Linux za jamii ya Debian na Ubuntu, sheli ikiwa bash. Sheli hapa ni ile programu inayosoma amri zako, si pahala pa kujazia petroli. Terminali ni dirisha la kuandikia amri hizo, na mchakato ni programu ikiwa kazini.

## Kwanza jua nani anayeua

Programu iko dukani, laptopu iko kitandani. Kwa nini chaji ya huku ikiisha, ffmpeg ya kule ife? Kinachoziunganisha ni terminali. Ukiingia kwa SSH, kompyuta ya upande wa pili inakufungulia terminali ya kuigiza yenye jina kama `pts/0`, na ndani yake inakaa bash kama kiongozi wa kikao. SSH ikikatika, kerneli, yaani moyo wa Linux, inampelekea kiongozi huyo ishara iitwayo SIGHUP, namba 1. Jina lake limebaki tangu zama za modemu, maana yake aliyekuwa upande wa pili amekata simu. Bash ikiipokea, kabla ya kufa inawagawia watoto wake ishara ile ile. Programu ambayo haikuandaliwa cha kufanya na SIGHUP hufa papo hapo, na ffmpeg ni mojawapo.

Tena inakufa vibaya. Faili la mp4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa. Ikiuliwa katikati unabakiwa na gigabaiti mbili za kitu ambacho hakuna kichezeshi kitakachokifungua, na ukikidadisi unajibiwa `moov atom not found`. Ukiizima mwenyewe kwa herufi `q` au kwa Ctrl+C, inapata nafasi ya kulifunga faili vizuri hata kama kazi haikufika mwisho. Ndiyo maana siku hizi kazi ndefu naandika `.mkv` kwanza. Ikikatika, kilichokwisha andikwa kinachezeka, na kuigeuza kuwa mp4 baadaye kwa `-c copy` ni suala la dakika chache tu.

Fungua dirisha la pili la SSH, uangalie hali ilivyo kabla hujagusa kitu:

```
$ ps -o pid,ppid,pgid,sid,tty,stat,cmd -t pts/0
  PID  PPID  PGID   SID TT       STAT CMD
 4010  4009  4010  4010 pts/0    Ss   -bash
 4127  4010  4127  4010 pts/0    Rl+  ffmpeg -i kanda07.avi ...
```

Safu ya `STAT` ndiyo ya kuizoea. Herufi `s` ni kiongozi wa kikao. Alama ya `+` ni aliyeko mbele, yaani anayepokea unachobonyeza kwenye kibodi. `R` anakwenda, `S` amelala akingoja kitu, `T` amesimamishwa. Mzazi wa 4127 ni 4010, na kikao chao ni kimoja. Kamba tunayotaka kuikata ni hiyo.

## Ukiwa bado umeishika mkononi

Rudi kwenye dirisha la kwanza, lile lenye ffmpeg, ubonyeze Ctrl+Z. Kazi inasimama, haifi:

```
^Z
[1]+  Stopped                 ffmpeg -i kanda07.avi ...
```

Sasa iambie iendelee, lakini nyuma, kisha itoe kwenye daftari la bash:

```
$ bg %1
$ jobs -l
$ disown %1
```

Ctrl+Z imepeleka SIGTSTP, ishara ya kusimama, na `bg` imepeleka SIGCONT, ishara ya kuendelea. `disown` haipelekei mchakato chochote. Inamwambia bash tu kwamba huyu si wako tena, siku ukipata SIGHUP usimgawie. Ukitaka kazi ibaki kwenye orodha ya `jobs` lakini ikingwe na SIGHUP, andika `disown -h %1`.

Mpangilio huo usiugeuze. Kijana wangu wa dukani aliwahi kuniambia, kwa fahari kabisa:

"Kaka, ile kanda ya Chukwani nimeiacha inakwenda, nikafunga laptopu nikaenda kusali."

"Ulifanya `bg`?"

"Nilifanya `disown`. Si ndiyo inayoitenga?"

Inaitenga, ndiyo, lakini aliitenga ikiwa imesimama. Bash ilimwonya kwa mstari mmoja ambao hakuusoma:

```
bash: warning: deleting stopped job 1 with process group 4127
```

Kundi la michakato lililosimama likibaki yatima, yaani sheli iliyolizaa ikiondoka, kerneli hulipelekea SIGHUP halafu SIGCONT. Inaamshwa ili ife. Alirudi msikitini akakuta faili la megabaiti 300 lisilofunguka. Kwa hiyo `bg` kwanza, hakikisha kwa `jobs -l` kwamba inasema `Running`, ndipo `disown`.

Ffmpeg ina tabia nyingine inayowababaisha watu. Huwa inasikiliza kibodi, kwa ajili ya ile `q` ya kuzimia. Ukiwa umeipeleka nyuma kisha ukabonyeza kitu, inaweza kujaribu kusoma terminali ambayo si yake kwa wakati huo, na kerneli ikaisimamisha:

```
$ jobs -l
[1]+  4127 Stopped (tty input)     ffmpeg -i kanda07.avi ...
```

Hiyo ni SIGTTIN. Ukirudia `bg` inakwenda, halafu inasimama tena kama punda wa mchanga. Dawa yake ya tangu mwanzo ni kuandika `-nostdin` kwenye amri. Kama umeshachelewa, dawa ni kuihamishia terminali nyingine ambako itakuwa mbele, jambo tutakalolifanya hivi punde.

Je, ukishafanya `disown` unaweza kufunga laptopu ukalala? Mara nyingi ndiyo. Lakini si kila mara, na hili lilinigharimu mimi mwenyewe. Nilikuwa na skripti ya Python ya kupanga majina ya picha elfu kumi na kitu. Kila faili likipangwa, `print` inachapisha jina. Nikafanya Ctrl+Z, `bg`, `disown`, vyote kwa utaratibu, nikatoka. Asubuhi nikakuta imeishia njiani. SIGHUP haikuigusa hata kidogo. Terminali ndiyo iliyokuwa haipo, na `print` ya kwanza baada ya hapo ilipojaribu kuandika iligonga ukuta: `OSError: [Errno 5] Input/output error`. Mchakato ulikuwa huru, lakini mdomo wake bado ulikuwa umeelekezwa kwenye mlango uliong'olewa.

Unaweza kuiona milango hiyo:

```
$ ls -l /proc/4127/fd
0 -> /dev/pts/0
1 -> /dev/pts/0
2 -> /dev/pts/0
3 -> /home/duka/kanda07.avi
4 -> /home/duka/kanda07.mp4
```

Namba 0 ni sikio, 1 ni mdomo wa kawaida, 2 ni mdomo wa malalamiko. Zote tatu zikielekea `pts`, `disown` peke yake ni nusu ya kazi. Zikielekea mafaili ya kawaida, funga laptopu.

## Kuihamisha hasa: tmux na reptyr

Tunachotaka ni kuuchukua mchakato 4127 pamoja na sikio na midomo yake, tuuweke kwenye terminali isiyokufa tukiondoka. Terminali hiyo inatoka kwa tmux, ambayo Nicholas Marriott alianza kuiandika mwaka 2007. Kuihamisha ni kazi ya reptyr, programu ndogo ya Nelson Elhage ya mwaka 2011. Ziweke zote mbili mapema, wakati mtandao ni mzuri na huna haraka:

```
sudo apt install tmux reptyr
```

Ukiwa umeshafanya Ctrl+Z, `bg` na `disown`, fungua kikao kipya cha tmux, na ndani yake umwite mchakato kwa namba yake:

```
tmux new -s harusi
reptyr 4127
```

Namba ukiwa umeisahau, `pgrep -a ffmpeg` itakupa. Mambo yakienda sawa, namba za fremu zinaanza kupanda ndani ya dirisha la tmux, na kule kwenye dirisha la zamani kunabaki kimya. Bonyeza `?` uone: ffmpeg itakuorodheshea vitufe vyake. Hapo unajua sikio limehamia kweli. Usibonyeze `q` kwa majaribio. Niliwahi.

Lakini mara ya kwanza, kwenye Ubuntu, hayaendi sawa. Utajibiwa:

```
Unable to attach to pid 4127: Operation not permitted
```

ingawa mchakato ni wako na wewe ndiye mwenye akaunti. Sababu ni kwamba reptyr inafanya kazi kwa njia ile ile anayotumia mtafuta hitilafu. Inausimamisha mchakato, inauingia ndani, inaulazimisha kufungua terminali mpya na kuibandika juu ya milango 0, 1 na 2, halafu inauachia. Nguvu ya namna hiyo ikiwa mikononi mwa programu mbaya, itasoma hadi nywila zilizomo kwenye kumbukumbu ya programu nyingine. Kwa hiyo Ubuntu, tangu toleo la 10.10, imeweka komeo. Mchakato unaruhusiwa kuwaingia watoto wake tu. Fungua komeo kwa muda:

```
sudo sysctl kernel.yama.ptrace_scope=0
reptyr 4127
sudo sysctl kernel.yama.ptrace_scope=1
```

Mstari wa tatu uandike kwenye dirisha jingine mara tu uhamisho ukikamilika. Komeo likirudi, mchakato uliokwisha hama haudhuriki.

Sasa jitoe kwenye tmux: Ctrl+b, achia, kisha `d`. Unarudi kwenye bash ya kawaida, nayo tmux inabaki na kazi yako huko ndani. Funga laptopu. Kesho ukiwa dukani, au kwa mjomba Chake Chake, au popote:

```
tmux attach -t harusi
```

Reptyr yenyewe inabaki hai ndani ya lile dirisha la tmux, ikipitisha maneno baina ya terminali mpya na wewe. Ukitazama kwa `ps`, utaona ffmpeg imepewa `pts` ambayo si ya dirisha la tmux wala ile ya zamani. Usistuke. Ila usiiue reptyr wala kulifunga dirisha lile, kwa sababu hapo utakuwa umemkatia simu kwa mara ya pili.

Ikiwa matokeo ya programu yalielekezwa kwenye faili tangu mwanzo, kwa mfano kwa `> kumbukumbu.log`, reptyr haiyagusi. Inahamisha milango iliyokuwa ikielekea terminali tu. Usikae ukingoja maneno yatokee kwenye skrini, fanya `tail -f kumbukumbu.log`.

### Mchakato wenye watoto

Siku moja utajaribu kuhamisha rsync, programu ya kunakili mafaili, nayo reptyr itakukatalia, ikisema kuna mchakato mwingine katika kundi hilo hilo. Rsync inayonakili kwenda kompyuta nyingine humzaa ssh, na reptyr ya kawaida haihamishi familia, inahamisha mtu mmoja. Skripti ya bash inayoita amri nyingine ndani yake ni hivyo hivyo.

Kwa rsync hasa, mimi sihangaiki. Naizima kwa Ctrl+C na kuianza upya ndani ya tmux kwa `--partial`. Mafaili yaliyokwisha fika hayarudiwi, kwa hiyo hasara ni ndogo kuliko jasho. Kujua ni kazi gani ya kuokoa na ipi ya kuachia ni nusu ya ufundi wenyewe.

Kama haiwezekani kuanza upya, iko njia ya `-T`:

```
sudo reptyr -T 5209
```

Hii haiuingii mchakato. Inakwenda kwa aliyeishika terminali upande wa pili, yaani sshd, programu inayopokea SSH, na kumnyang'anya terminali nzima: bash, rsync, ssh na wote waliomo. Dirisha la zamani linaganda, na kila kitu kinatokea upya ndani ya tmux, hata lile kidokezo la bash la kuandikia amri. Inahitaji `sudo` kwa sababu sshd haikubali kuingiwa na mtumiaji wa kawaida. Na inataka terminali ya zamani iwe bado hai. Iliyokwisha kufa haina cha kunyang'anywa.

## Nyumba ikiingia kiza

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa kebo ya chini ya bahari. Waliokuwepo kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu ya majenereta na vibatari. Duka langu lina betri na inveta. Nyumba yangu haina. Kwa hiyo kinachotokea kwangu zaidi si kompyuta ya dukani kuzimika, ni mimi kuzimika: routa inalala, na SSH inakatika kabla sijapata nafasi ya Ctrl+Z.

Watu hapo hukata tamaa na kulala. Usilale, kwa sababu kompyuta ya dukani haijajua bado. Mtandao ukikatika ghafla, hakuna aliyemwambia sshd kwaheri. Anaendelea kupeleka pakiti, hazijibiwi, anarudia, anarudia tena. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, mwenye data ya kupeleka huchukua robo saa hivi kabla hajakubali kuwa mwenzake hayupo. Asiye na cha kupeleka anaweza kukaa saa mbili. Fundi wa seva akiwa ameweka `ClientAliveInterval`, muda unaweza kuwa mfupi zaidi. Wakati huo wote, ffmpeg yako ipo, na bash yake ipo.

Mara ya mwisho ilikuwa baada ya Isha. Nilikaa kwenye ngazi kwa simu, bando la simu, na Termux, ile programu inayoifanya Android kuwa terminali. Fuata mpangilio huu, kwa sababu dakika zinahesabika.

Ingia upya kwa SSH kutoka kwenye simu na ufungue tmux hapo hapo kabla ya jingine lolote. Bando nalo linaweza kukatika.

```
ssh duka@anwani
tmux new -s okoa
```

Mtafute mgonjwa:

```
$ ps -o pid,tty,stat,cmd -C ffmpeg
  PID TT       STAT CMD
 4127 pts/0    Sl+  ffmpeg -i kanda07.avi ...
```

Bado iko `pts/0`, na ina `+`, maana yake iko mbele kwenye terminali ambayo mwenyewe ameshaondoka. Ukiona `S` badala ya `R` kwa muda mrefu, huenda inangoja. Programu inayochapisha maneno mengi hujaza bomba la terminali, na bomba likijaa bila wa kulisoma, inasimama mpaka mtu alizibue. Haijaharibika.

Hapa huwezi kufanya `bg` wala `disown`, kwa sababu hizo ni amri za bash ya zamani na kibodi yake huna tena. Kama ukitumia reptyr ya kawaida, mchakato utahama lakini bado ni mtoto aliyeandikwa kwenye daftari la bash ile, nayo ikifikiwa na SIGHUP baada ya robo saa inaweza kuja na upanga wake. Kwa hiyo nyang'anya terminali nzima, bash na yote:

```
sudo reptyr -T 4127
```

Namba za fremu zinatiririka kwenye simu, herufi ndogo kama chawa. Sasa bash yenyewe iko ndani ya kikao chako. Ukitaka, unaweza kufanya Ctrl+Z, `bg` na `disown` kana kwamba umekaa kwenye laptopu. Mimi huiacha ilivyo, najitoa kwa Ctrl+b `d`. Termux ina kitufe cha Ctrl juu ya kibodi yake, maana kibodi nyingi za simu hazina.

Lile dirisha la SSH lililoganda kwenye laptopu, ukirudi kwenye umeme, usilifunge kwa kuzima mashine. Bonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta. SSH ya upande wako inakufa, na dirisha linakurudia.

Hakuna hatua yoyote kati ya hizi itakayokusaidia ikiwa kompyuta inayofanya kazi yenyewe imezimika. Tmux si betri.

## Ukianza vizuri

Sehemu hii ni fupi kwa sababu jambo lenyewe ni jepesi. Kazi yoyote utakayoipa zaidi ya dakika kumi, andika kwanza:

```
tmux new -A -s kazi
```

`-A` maana yake, kikao kikiwapo niingize, kisipokuwapo kiunde. Mimi nimeifanya kuwa jina fupi kwenye `.bashrc` na mkono umeshazoea. `tmux ls` inaorodhesha vikao. `tmux attach -d -t kazi` inakuingiza na kumtoa aliyekuwa ameunganishwa kutoka kwingine, nzuri pale skrini ya simu ulioisahau kwenye mkoba inapolibana dirisha la laptopu. Bila ya `-d`, mnaweza kuingia wawili mkaona kitu kimoja na kuandika pamoja. Kijana wangu namfundishia hivyo, yeye yuko Mlandege na mimi niko nyumbani.

Utakutana na seva za kizamani zenye screen badala ya tmux. Screen ni ya mwaka 1987 na bado inafanya kazi: `screen -S kazi` kuanza, Ctrl+a `d` kujitoa, `screen -dr kazi` kurudi. Pasipo na vyote viwili:

```
nohup ffmpeg -nostdin -i kanda07.avi kanda07.mkv > kumbukumbu.log 2>&1 &
```

Nohup inaziba masikio ya programu isisikie SIGHUP, na maelekezo mawili ya mwishoni, yote kwenda kwenye faili moja, yanaondoa tatizo la mdomo uliokosa mlango. Hutaweza kurudi kuishika, ila kuisoma kwa `tail -f` na kuizima kwa `kill -INT` ukitaka ifunge faili kwa adabu. `kill -9` iache iwe ya mwisho kabisa. Haiwezi kuzuiwa, na kwa hiyo haimpi mtu nafasi ya kufunga chochote.

Kitimbi kimoja cha tmux chenyewe. Nilikuwa nikifagia `/tmp` kwa hasira, diski imejaa, nikafuta na vilivyomo kwenye saraka ya `tmux-1000`. Humo ndimo kinamokaa kisoketi ambacho `tmux attach` hugonga mlango. Vikao vyote vilikuwa hai, ffmpeg inakwenda, lakini kila nikijaribu kuingia naambiwa hakuna seva. Nusura niwashe kompyuta upya. Kumbe inatosha kuikumbusha itengeneze mlango mwingine:

```
pkill -USR1 tmux
```

Na kama kwenye seva fulani tmux inakufa kila unapotoka, ingawa umefanya yote, mtazame systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Ina mpangilio uitwao `KillUserProcesses` katika `/etc/systemd/logind.conf`. Ukiwa `yes`, ukitoka unafagiliwa pamoja na vyote ulivyoacha. `loginctl enable-linger` kwa akaunti yako, kisha kuianza tmux kwa `systemd-run --user --scope tmux`, ndiyo njia ya kupita bila kuugusa mpangilio wa wote.

Kazi ikimalizika, kabla hujaifuta kanda ya avi, lijaribu faili:

```
ffprobe kanda07.mp4
sysctl kernel.yama.ptrace_scope
```

La kwanza likuoneshe muda wa saa tatu na nusu kamili, si pungufu. La pili, kwenye Ubuntu, lijibu 1. Likijibu 0, ulisahau komeo usiku ule kwenye ngazi.